Gari la Watu Wawili

Siku kaka yangu alipolileta lile gari nyumbani kwetu, nje kidogo ya Pap Onditi, shangazi yetu alilizunguka polepole, akainama, akachungulia ndani, kisha akauliza viti vingine viko wapi. Kaka akamwambia hakuna vingine. Shangazi akauliza mgonjwa akizidiwa atalazwa wapi, na gunia la mahindi litawekwa wapi. Mwisho akauliza lile swali ambalo watu wa kwetu huliuliza moyoni juu ya kila gari, hata kama hawalitamki.

"Na jeneza je? Gari lisiloweza kumleta mtu nyumbani ni gari gani?"

"Shangazi, hili halibebi wafu," kaka alisema. "Linabeba mtu na rafiki yake."

"Basi ni gari la mchoyo," shangazi akasema, akarudi jikoni.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la rangi nyekundu iliyofifia, limekaa chini sana, na badala ya paa lilikuwa na turubai lililochanika. Kaka alikuwa fundi wa injini katika karakana ya reli mjini Kisumu. Msimamizi wake, Mgoa mzee, alimwachia gari hilo alipostaafu na kuwafuata watoto wake ng'ambo. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na hata wakati huo gari lilikuwa la zamani. Mgoa alimpa sharti moja tu, kwamba lisikae bila kuendeshwa.

Kaka alilitimiza sharti hilo kwa namna yake. Mbele ya Nyamasaria, katikati ya mashamba ya miwa, mkulima mmoja Kalasinga alikuwa ameacha uwanja bila kuupanda, akautengeneza barabara ya changarawe ya murram inayozunguka, yenye kona za kila aina. Baadhi ya Jumapili wapenzi wa magari walikusanyika pale. Waliingia mmoja mmoja, saa ikihesabu, kila mtu akishindana na muda wake mwenyewe. Kaka hakuwa wa kwanza mara nyingi, lakini niliambiwa na wengi kwamba watu waliacha soda zao na kusogea kwenye kamba zamu yake ilipofika.

Nasema niliambiwa kwa sababu mimi sikuwahi kwenda. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, na mwalimu wa kwaya. Jumapili yangu ilianza mapema na kwisha jioni. Kaka alinitania kwa hilo miaka mingi. "Wewe unalijua hili gari likiwa limelala tu," alikuwa akisema, "kama daktari asiyemjua mgonjwa wake akiwa mzima."

Ni kweli nililijua likiwa limelala. Siku yangu mimi na kaka ilikuwa Jumamosi. Baada ya chakula cha mchana nilikwenda kwenye nyumba yake ya reli, nikavaa ovaroli lake la zamani, na tukaanza. Vumbi la murram ni adui asiyechoka. Kila baada ya mashindano tulifungua magurudumu yote, tukasafisha ngoma za breki, tukaondoa grisi iliyogeuka mchanga na kutia nyingine. Rimu zilikuwa za spoki, kama za baiskeli, na kaka alizipima kwa kijiko. Aligonga spoki moja baada ya nyingine, na iliyolegea ilitoa sauti iliyokufa.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kabureta. Injini ilikuwa na kabureta mbili, na zilipaswa kuvuta hewa kwa kiasi kimoja, la sivyo gari lingekohoa. Kaka alikuwa na kipande cha mpira wa maji. Ncha moja aliiweka sikioni, ya pili kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo wa hewa, akahamia ya pili. Siku moja alinipa mpira ule. Nikasikiliza, nikamwambia ya nyuma iko chini kidogo ya ya mbele, kama besi anayechelewa kupanda. Akazungusha skrubu kidogo sana. Nikasikiliza tena, zikawa sauti moja. Tangu siku hiyo kazi ya mpira ikawa yangu, na shemeji, mke wa kaka, alisema kwaya yangu sasa imepata waimbaji wasiochelewa mazoezi.

Miaka ilipita hivyo. Namshukuru Mungu kwa Jumamosi zile, ambazo wakati huo sikujua kuzishukuru kwa sababu nilidhani hazina mwisho.

Kaka alistaafu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Muda si mrefu nikaanza kuona anamwaga oili pembeni ya tundu, au anapapasa spana iliyolala karibu na goti lake. Shemeji alimlazimisha kwenda kwa daktari wa macho. Alirudi akatueleza bila kupandisha sauti. Kulikuwa na ugonjwa unaokandamiza jicho kutoka ndani. Uoni ulikuwa ukijifunga kuanzia pembeni, na uliokwisha kwenda haurudi. Dawa ya matone ingechelewesha tu.

"Ni kama kutazama kupitia bomba," aliniambia. "Mbele naona. Kando hamna kitu. Na bomba linazidi kuwa jembamba."

Kisha akaniomba jambo moja. Kalasinga alikuwa ametangaza siku ya mashindano, na kaka alitaka hiyo iwe ya mwisho kwake. Alitaka niende.

"Omera," alisema, akiniita ndugu kwa lugha yetu, "Mungu anakuona kanisani kila Jumapili. Mimi ndugu yangu hajaniona hata mara moja. Nataka unione kabla hili bomba halijaziba."

Nilimwendea kasisi wetu na kumweleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja nyingi, lakini hakuhitaji hata moja. Alisema kwaya itaimba bila mimi, na kwamba niende nikamwone ndugu yangu.

Sasa niwaeleze jinsi tunavyoosha magari huku kwetu. Mtu wa mbali angetumia ndoo. Sisi watu wa ziwa, gari likichafuka tunaliingiza majini kama ng'ombe. Malori, mabasi, mikokoteni, vyote huingia hadi maji yanapofika katikati ya magurudumu, na watu husugua wakipiga soga. Kaka alikuwa ameosha kila gari alilowahi kushika namna hiyo, ila hili. Hili aliliosha nyumbani kwa kitambaa, kwa jinsi alivyolienzi. Lakini safari hii alitaka liende kwenye siku yake ya mwisho likiwa limeng'aa hadi chini ya tumbo, na kwa kitambaa asingeweza tena kuona alipoacha uchafu. Hivyo siku ya Ijumaa, baada ya kulijaribu asubuhi kwenye barabara ya Nyamasaria kwa mwendo wa kutosha, alilipeleka moja kwa moja ufukoni upande wa Dunga, akaliingiza ziwani likiwa bado moto. Waliokuwa pale walimsaidia kusugua na kulisifu. Hakuna aliyemwonya, kwa sababu hakuna aliyeona kosa.

Jumamosi nilikuja kwa ukaguzi wa mwisho. Nililala chini ya gari upande wa nyuma, nikafungua bolti ya difu, lile tufe la chuma linalogawanya nguvu kwa magurudumu. Oili iliyotoka haikuwa nyeusi. Nikaitazama inavyochirizika kwenye karai.

"Mbona umenyamaza?" kaka akauliza.

"Oili imekuwa chai, omera."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa."

Aliketi juu ya tairi la akiba. Hakuhitaji kuelezwa, ni yeye aliyenieleza mimi. Chuma cha moto kikizamishwa kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea, na maji yaliyo nje huvutwa kuingia. Gari kubwa lina kimo, linaweza kusamehe. Hili lilikuwa limekaa chini kiasi kwamba ziwa lililifikia hadi kwenye ekseli, na seali zake za ngozi, zinazozuia oili isitoke na maji yasiingie, zilikuwa na umri wa mtu mzima. Tukafungua ngoma za breki. Nako maji yalikuwa yameingia, na grisi ilikuwa imeyeyuka ikapaka viatu vya breki.

"Miaka yote niliwafokea vijana wa karakana wasimwagie maji chuma cha moto," alisema. "Halafu nimelinywesha ziwa mimi mwenyewe."

Shemeji aliuliza kama haliwezi kwenda hivyo hivyo kwa siku moja tu. Najua kwa nini aliuliza. Alikuwa akiuliza pia kwa niaba yangu. Kaka alizungusha bolti mkononi. Angeweza kumwaga oili ile, kutia nyingine, na kubahatisha. Mwishowe alisema breki zilizolowa grisi hazina mwenyewe, na watu husimama kando ya kamba, na kando ndiko asikokuona. Hangekwenda.

Jumapili ile nilikwenda kanisani kama kawaida. Tulipokuwa tukiimba wimbo wa kwanza nilimwona kaka ameketi benchi la nyuma, ndani ya suti yake ya harusi. Hakuwa mtu wa kanisa sana.

Matengenezo yalichukua muda mrefu kuliko tulivyotaraji. Tulisafisha difu kwa mafuta ya taa mara nyingi hadi kitambaa kikatoka safi. Beringi moja ilikuwa imeanza kushika kutu. Seali tulizikatisha kwa fundi viatu, kwa ngozi aliyoiloweka kwenye oili. Mimi nilikuwa macho yake, naye alikuwa mikono. Kisha mvua ndefu zikaja, na udongo mweusi wa uwanda ule ukaifanya njia ya kwenda uwanjani kuwa uji. Kila Jumamosi nilimuuliza kuhusu bomba, naye alijibu, "Limepungua kidogo." Nilijifunza kusali bila kuomba tarehe.

Mvua zilipokwisha, Kalasinga alikuja mwenyewe hadi nyumbani. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, mwenye kusema Kiswahili na Kijaluo vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Alisema mwaka huo ataupanda uwanja miwa, kwa hiyo hakutakuwa tena na mashindano. "Lakini Mzee, sijalima bado," alimwambia kaka. "Njoo siku yoyote. Hakuna watu, hakuna kamba. Leta ndugu yako."

Tulikwenda siku ya kawaida ya juma, katika likizo ya Agosti. Mimi niliendesha kwa tahadhari hadi pale, tukabadilishana viti. Kalasinga alisimama penye mstari wa kuanzia. Nadhani alikuwa na saa yake mfukoni, lakini hakuitoa.

Mzunguko wa kwanza kaka alikwenda polepole, akinusa njia. Wa pili alifungua injini. Sijawahi kukaa karibu hivyo na ardhi kwa mwendo ule, na sijui kueleza vizuri hofu yangu. Lakini nilimtazama. Mikono yake ilishika usukani kwa ulegevu, kama mtu aliyeshika kifaranga. Kabla ya kona alishuka gia mara moja, mguu mmoja ukikanyaga breki na kugusa mafuta pamoja, na mkia wa gari ukateleza nje juu ya murram. Nikadhani tumekwisha. Yeye alikuwa ameshageuza usukani upande ambao mkia ulikwenda, bila haraka, na gari likanyooka lenyewe kama mtu anayeamka kitandani. Kona baada ya kona alifanya hivyo. Kabureta zilivuma sauti moja nyuma ya kelele zote, na nilizisikia. Uso wake ulikuwa wa kijana niliyemjua kabla ya shule, kabla ya reli, aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka mto.

Katika mzunguko wa tatu, kwenye kona ya kushoto, kioo cha pembeni kiligonga nguzo ya mti na kuvunjika. Nguzo ile ilikuwa wazi kabisa. Kaka aliumaliza mzunguko kwa mwendo wa kutembea, akasimama karibu na Kalasinga, akazima injini.

"Nguzo ile ipo pale siku zote," alisema.

Vumbi lilitupita, likaelekea kwenye miwa.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, omera."

"Hukufumba macho ukiomba?"

"Niliomba yakiwa wazi."

Akacheka, akachomoa ufunguo na kuutafuta mkono wangu hadi akaupata. Tuliporudi, baiskeli zilitupita pale Nyamasaria, naye akasema kwa mwendo huo hata maiti angeshuka atembee.

Bomba lilijifunga mwaka uliofuata. Aliishi gizani miaka kadhaa, na Jumamosi hazikukoma. Niliwasha injini, nikasikiliza kwa mpira, naye akaweka kiganja juu ya boneti na kuniambia nilichokosea.

Alipofariki, pikapu ya kanisa ndiyo iliyombeba kwenda Pap Onditi. Mimi nilifuata nyuma katika gari lake, kiti cha pili kikiwa kitupu, maana shemeji alikataa kukaa popote ila kando ya jeneza. Baada ya maziko, watu walipokuwa wakila, shangazi yetu alikuja kwa fimbo yake. Alikuwa amezeeka sana. Alilizunguka lile gari tena, akaniomba nimfungulie mlango, na akateremka kwa taabu hadi akaketi kwenye kile kiti kilichokuwa kitupu.

"Alikuwa akiliendeshaje?" akauliza.

Nikaketi upande wa pili, nikamweleza.