Moshi Nyuma ya Mwamba wa Pili

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijawahi kuona haya kusema hivyo. Ukinisifia gauni, naangalia limechanika wapi. Ukiniletea maziwa bila kuombwa, nayanusa kwanza, kisha nakuuliza una shida gani. Mama alisema nilizaliwa nimekunja uso. Kwa hiyo nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi huko Dutwa, miaka ya sabini mwanzoni, Bariadi ikiwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, niliondoka kwetu Usambara nikiamini kwamba kuna mtu ofisini ananichukia.

Nilikwenda na kikopo cha rangi za maji, vidonge kumi na viwili, nilichopewa na mwalimu wangu wa sanaa chuoni. Nilikwenda pia na kifuniko cha sanduku la chai, ambacho ndicho kilikuwa ubao wangu. Kila Jumamosi nilitoka kabla jua halijapanda, chupa ya maji begani, nikatembea mpaka nipate mahali pa kuketi. Mwanzoni niliichukia nchi ile. Kwetu ukiinua macho unakutana na mlima. Kule ukiinua macho unakutana na mbingu tu, na chini yake mashamba ya pamba, mbuga za udongo mweusi na miamba iliyorundikana hapa na pale. Ilinichukua karibu mwaka mzima kukubali kwamba mbingu nayo inachoreka.

Rangi za maji zinataka unyevu, na kiangazi cha kule hakina unyevu hata wa kuazima. Nikianza mbingu upande wa kushoto, kabla brashi haijafika kulia, kushoto kumeshakauka na kuacha mstari mchafu. Nikajifunza kuilowesha karatasi mbele na nyuma, na kufanya kazi alfajiri tu, wakati hewa bado ina ubaridi. Jambo jingine nililojifunza nilijivunia sana. Nilikuwa naokota pamba shambani, natoa mbegu kwa kucha, kisha naigusisha kwenye rangi kabla haijakauka. Pamba hunyonya rangi, karatasi inabaki nyeupe, nawe umepata wingu au moshi. Rangi nyeupe sikuwa nayo, na baada ya hapo sikuihitaji.

Watu wa Dutwa walinishuku kabla sijawashuku, na hilo ndilo lililoniudhi. Muda mfupi kabla sijafika walikuwa wamepita wageni wenye mbao na karatasi, wakatazama huku na huku, wakaandika, wakapiga vigingi. Baadaye ikatoka habari kwamba watu wote wataacha miji yao iliyotawanyika, kila familia na boma lake, na kuhamia kijiji kimoja, nyumba kwa mistari. Basi mtu yeyote aliyeketi porini na ubao magotini alikuwa amekuja kuhamisha watu. Jumamosi yangu ya tatu, wanawake waliotoka kuchota maji mchangani mtoni walinizunguka, ndoo kichwani.

"Mwangaluka, mayu," alisema mmoja, akiniamkia kwa Kisukuma; mayu ni mama. Nikaitikia. "Unapima?"

"Sipimi. Nachora."

"Unachora ili nani aone?"

Nilisema nachora nijionee mwenyewe. Wakatazamana kama watu waliosikia uongo wa kitoto. Wakanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, mpole kupita kiasi kwa macho yangu. Alishika picha kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akawaambia jambo kwa Kisukuma, wakanung'unika, wakaondoka. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, nimewaambia wakuache. Chora tu."

"Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi. Hukuiba kitu cha mtu."

Nilirudi nyumbani nikijiuliza anataka nini. Tangu siku ile, kila nilipotoka kuchora, nilimwona kwa mbali ameketi juu ya jiwe, fimbo mapajani. Siku moja nilimfuata nikamuuliza anafanya nini. Akasema anatafuta ndama aliyepotea. Ndama gani huyo anapotea kila Jumamosi? Nikaamua kwamba ananichunga kwa niaba ya chama, au ana nia nyingine ambayo mwanamke asiye na mume anaijua. Nikawa namsalimia kwa ukali.

Jumamosi moja nilipanda mwamba wa pili kutoka barabarani, nikazunguka upande wa mawio, nikakuta kibonde ambacho barabarani hakionekani kabisa. Chini kulikuwa na ua wa minyaa, zizi, nyumba mbili za nyasi, na moshi wa asubuhi ulioning'inia bila kupanda. Niliketi nikachora picha bora kuliko zote nilizowahi kuchora. Moshi ule niliutoa kwa pamba, mara moja, bila kurudia.

Mwenye mji ule alikuwa bibi mmoja, mjane wa kaka yake balozi. Nilishuka kumsalimia, akanipa kibuyu cha maziwa, nikayanusa, akacheka. Alinionyesha zizi. Mume wake alizikwa humo, kama walivyozikwa wenye miji wa kwao, ng'ombe wakilala juu yake. Aliniambia hatakwenda kwenye hiyo mistari, kwa sababu atakwendaje amwache mzee wake na fisi? Sikujua wakati ule kwamba balozi, alipotakiwa kutaja miji iliyobaki nje, alisema pale ni matongo tu, mahame yasiyo na mtu. Alikuwa amemficha shemeji yake kwa ulimi wake mwenyewe, na wazee wote wa pale walijua, na wote walinyamaza. Mgeni peke yake ndiye asiyejua.

Julai ikaja, na Saba Saba. Mwalimu mkuu akataka shule yetu ionyeshe vitu wilayani: karanga, vikapu vya watoto, na picha zangu. Nilikataa mara mbili ili anibembeleze mara ya tatu. Tukazibandika kwa pini kwenye gunia lililotandazwa ukutani, na ile ya moshi nikaiweka katikati.

Watu wengi walipita moja kwa moja kwenye karanga. Kisha akaja bwana mmoja wa wilayani, mmoja wa wale waliokuwa wakisimamia kazi ya kuhamisha watu, soksi zimepandishwa hadi magotini. Alisimama mbele ya picha ile muda mrefu. Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya picha yangu muda ule wote.

"Dada, umechora wewe?"

"Mimi."

"Mikono yako imebarikiwa. Huu moshi umeufanyaje? Karibu niukohoe."

Nikamweleza kuhusu pamba. Nikamweleza kuhusu kulowesha karatasi na kuamka alfajiri. Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri.

"Hapa ni Dutwa kweli? Mbona mimi napita kila wiki na sijapaona?"

"Barabarani hutapaona. Unapita mwamba wa kwanza, unafika wa pili, unazunguka upande wa mawio."

"Aa. Na moshi huu ni wa mkaa au wa nyumba?"

"Wa nyumba," nikasema. "Wa jikoni."

Akanishukuru. Alinishika mkono. Mimi ninayenusa maziwa ya watu, mtu huyu sikumnusa. Alikuwa amenisifu mahali nilipokuwa na njaa, basi nikamlisha kila alichotaka. Usiku ule nilimwandikia mama yangu barua nzima kuhusu yeye.

Siku ya tisa baada ya Saba Saba lori lilipita darasa likiendelea. Liliacha barabara kwenye mwamba wa pili. Nilisimama na chaki mkononi, na nilijua. Sitasema kwamba nilikuja kuelewa baadaye, polepole. Nilijua pale pale, na nikaendelea kufundisha kugawanya kwa sehemu.

Bibi aliletwa kijijini mchana, yeye, vyungu vyake na boriti za nyumba. Hawakumpiga, wala hawakumtukana. Walimpa kiwanja katika mstari wa nne, na wakamwambia ng'ombe watafuata. Zizi waliling'oa ili asirudi.

Jioni ile ile kijiji kiliuliza nani amesema. Hawakuuliza muda mrefu. Ni nani aliyekuwa anazungumza na wakubwa? Ni nani aliyeandika orodha? Balozi. Wengine walisema ameuza mji wa marehemu kaka yake ili apate cheo. Mimi hakuna aliyenitaja. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wa watoto wao, na picha zangu zilikuwa zimeshakuwa kichekesho.

Wasukuma wakimsusa mtu hawapigi kelele. Salamu inakufa. Mke wa balozi alipofika mchangani kuchota maji, wenzake walijitwika ndoo zao hata kama hazijajaa. Hakuna aliyekwenda kwao kuomba moto. Wakati huo kila mtu alikuwa anajenga upya, na kujenga kule ni kwa kuitana: unapika pombe, majirani wanakuja, jua likizama nyumba imeezekwa. Balozi naye alipika pombe akaita watu. Nilipita asubuhi nikaona vibuyu vimepangwa kivulini na nyasi zimefungwa tayari. Nilipita jioni, vibuyu vilikuwa pale pale. Yeye alikuwa juu ya boriti peke yake, na mke wake anamrushia nyasi kutoka chini. Pombe waliimwaga kesho yake ilipochacha.

Mwanamume huyo hakujua nani alisema, na mimi nilijua. Neno langu moja lingempa watu wa kumwezekea nyumba. Nilijiambia nitasema Jumapili. Jumapili nikajiambia kwamba pengine kweli naye alikuwa na lake, maana yule ndama wake sikuwahi kumwamini. Ndivyo mtu mwenye kushuku anavyojisaidia.

Mwishowe nilichukua picha, ambayo ilirudishwa kutoka wilayani na alama ndogo ya penseli juu ya moshi, nikaenda nayo kwa bibi. Nilitaka aione, kisha nimwambie. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua choroko. Aliipokea, akaigeuza chini juu, akaigeuza tena.

"Hii nini, mayu?"

"Ni kwako. Kule."

"Kwangu?" Aliisogeza machoni. "Ng'ombe wako wapi? Mzee wangu yuko wapi? Hapa umemwaga maji tu." Akacheka, kicheko cha kwanza tangu ahamishwe, na wanawake wa mstari wa nne wakaja kuona, wakacheka nao. Mmoja akasema ni mavi ya kuku. Mimi nikacheka pia. Nikaikunja picha nikarudi nyumbani, sijasema.

Ilipofika miezi ya mvua balozi aliamua kuhama. Wengi walikuwa wanakwenda na ng'ombe wao upande wa Bukundi, kwenye malisho, naye akasema huko angalau hawamjui. Asubuhi ya kuondoka alipita kwangu kuaga, ingawa kwa ukali niliokuwa namsalimia nao hakuwa na deni la kuniaga. Hakuingia ndani. Nikamwambia palepale mlangoni, maneno yote kwa mpigo, bwana wa wilayani, pamba, mwamba wa pili, moshi wa jikoni. Nilikuwa nalia.

Alitazama ng'ombe wake waliotangulia.

"Vijana walitaka kukuvunja mkono," akasema. "Mwanzoni kule. Ndiyo maana nilikuwa nakaa pale juu, waone nipo."

"Nitawaambia watu," nikasema. "Leo hii. Nitakwenda mstari wa nne nimwambie shemeji yako."

"Usiseme."

"Kwa nini?"

"Mimi nimeshafunga mizigo, mwalimu. Wewe unabaki. Wakijua, hakuna mtoto atakayekuja shule, na wewe watakuhamisha wao wenyewe, si serikali. Acha hivi hivi."

Ningeweza kubisha. Mtu mwingine angebisha, angemshika mkono, angekimbia mpaka mstari wa nne akipiga kelele. Mimi nilimwambia asante. Tena niliposema asante niliona mwili mzima umelegea kwa raha, na hiyo raha ndiyo ninayoichukia mpaka leo kuliko yale niliyomwambia yule bwana wa soksi. Yale niliyasema bila kujua.

Nilikaa Dutwa miaka mitatu zaidi. Niliendelea kuchora, lakini mbingu tu, nikikata karatasi juu ya upeo wa macho. Watoto walisoma. Watu walinizoea, wakaniletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na jina la balozi likabaki kuwa tusi. Mtoto akimsemea mwenzake kwangu darasani, wengine walimwita kwa jina lile, nami nilimchapa mtoto aliyelitamka bila kueleza kwa nini.

Siku niliyohamishwa, bibi alinisindikiza mpaka linaposimama basi. Alikuwa amezeeka sana, na njia nzima alishika kiwiko changu. Alinipa jogoo, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Wamekuja wageni wengi hapa," alisema, "na wa kwetu wenyewe wametuumiza. Wewe, mayu, hukutudhuru."

Basi lilikuwa linanguruma. Nilipiga goti kidogo, kama adabu inavyotaka, nikampokea jogoo kwa mikono miwili.