Darubini Juu ya Dungu Letu

Mtama unapoanza kujaa maziwa huwa na harufu tamu, nzito, ya majani yenye umande, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya kazi. Miaka ile ya sabini, huko Ushetu, kila msimu nilikaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba la baba, nikipiga debe na kurusha mabonge ya udongo kwa kombeo ili ndege aina ya kwelea wasitumalizie mtama. Hakuna mtoto wa darasa la tano aliyewajua ndege kunizidi. Basi Mwalimu Modesta alipotangaza kwamba Jumamosi tutakwenda kutazama ndege, na kwamba tutatumia dungu letu kwa kuwa linaelekea mbuga yenye maji, nilivimba kichwa wiki nzima.

Mwalimu alikuja na darubini ya kuazima. Akampa Nasrin, binti wa mwenye duka, eti kwa kuwa ndiye anayejua kuchora. Nasrin, ambaye hakuwahi kufukuza hata kuku! Alipanda na viatu vyake vya mkanda, akakaa pale pale nilipozoea kukaa mimi, na wivu ukanishika. Mwalimu, nami nikiwa nyuma yao, alimnong'oneza kwamba kwenye matete kuna korongo wenye taji na makinda mawili, asubiri watoke. Sote tukatulia. Mimi, kwa macho matupu, niliona matete yakitikisika kabla yake. Nikajua akiwaona kwanza, Jumatatu darasani korongo watakuwa wake. Nikanyakua debe, nikalipiga kwa nguvu zote huku nikipiga kelele. Korongo wakubwa wakaruka, makinda wakapotelea majini.

"Minza! Kuna nini?" mwalimu aliuliza.

"Kwelea, mwalimu. Walikuwa wanakuja."

Baba, aliyekuwa ukingoni mwa shamba, alinisifu mbele ya wote kwamba mimi ndiye mlinzi wake. Nasrin alizungusha darubini taratibu, akapekua anga lote lililokuwa tupu, kisha akanikabidhi. "Tazama wewe, Minza. Mimi sijaona hata kwelea mmoja." Nilitazama yale matete mpaka macho yakatoka machozi, na korongo hawakurudi. Kabla ya mavuno familia ya Nasrin ilihamia Mwanza. Sikuwahi kumwambia ukweli.

Siku hizi nina darubini yangu mwenyewe, na kila mwezi nawapeleka watoto wa mtaa wetu hapa Geita kutazama ndege. Hawana shamba la kulinda, kwa hiyo ndege kwao ni furaha tupu, na hilo nalo nawaonea wivu. Mwezi uliopita msichana mmoja mdogo alinivuta nguo, akaninong'oneza kuwa ameona ndege wa bluu mtini. Mimi nilikuwa sijamwona. Nilimpa darubini, lakini ilinichukua muda kuivua shingoni, na yule mtoto aliliona hilo.