Suruali ya Rangi ya Chungwa

Mume wangu anaitwa Gaspard, na tangu azaliwe hajawinda hata panya. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa mtaani kwetu Rexdale, Toronto, watu wazima wanaoimba kwaya na kushika Biblia, wanaosema alijikata paja akiwa mawindoni. Waje waseme mbele yangu. Wananipita kwenye lifti wakitazama viatu vyao.

Gaspard ni mtu wa Fizi, Kongo, mtoto wa mwalimu, mpole hadi anaudhi. Basi la Kipling likimwacha kituoni, anasema dereva hakumwona. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi. Vita vilipofika kwao, wenye bunduki walifuata nyayo zake na za kaka yake msituni siku nzima, wakielekezana kwa miluzi. Gaspard alifika mtoni, akazama hadi puani katikati ya matete, akakaa humo mpaka wakachoka kutafuta. Kaka yake hakuyafikia matete. Alinisimulia hayo mara moja tu, kambini Kigoma, kabla hatujaoana, na sikumwuliza tena. Mpaka leo, fataki zikilia siku ya sherehe ya nchi hii, anaingia bafuni na kufungulia bomba ili asizisikie.

Tulitua Toronto mwezi wa Januari. Aliyetupokea uwanja wa ndege ni Methodius, Mtanzania wa Bukoba, mzee wa kanisa, mwenyeji wa miaka mingi. Alikuja na makoti mazito, langu, la Gaspard na la binti yetu Ella, akatuvisha mwenyewe mmoja mmoja kama watoto wa shule. Sitasema uongo, nililia kwa shukrani. Gaspard alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na tangu siku ile hakuwahi kumwita jina. Ni Mzee tu, Mzee kasema, Mzee kapiga simu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Methodius alitutania kwenye gari, na sote tukacheka. Jembe lenyewe likawa msumeno wa mnyororo.

Methodius anauza kuni. Ananunua miti ya wakulima huko kaskazini, vijana wake wanaikata, wanaipasua na kuikausha, kisha anaileta mjini na kuwauzia wenye nyumba kubwa zenye meko ya sebuleni. Nilimwuliza Gaspard kuni za kazi gani, na nyumba zote zina vyuma vya joto ukutani. Akaniambia ni za kutazama. Wanauwasha moto, wanakaa, wanautazama. Nilicheka, halafu hasira ikanipanda hapo hapo. Kambini nilikuwa natoka alfajiri kutafuta kuni za kuchemshia maharage, wenye mashamba wananifukuza na mapanga, nakimbia na mzigo kichwani kwa sababu kuutupa ni kulala njaa. Hapa mtu ananunua moto aupe macho.

Lakini Gaspard aliipenda kazi ile, lazima niseme. Jioni alikuwa anaweka mnyororo juu ya meza yangu ya jikoni na kuunoa jino moja moja kwa tupa, polepole, huku akiimba. Nyumba ilinukia miti. Soksi zake zilijaa unga wa mbao hadi mashine ya kufulia ikaziba, nikamtukana, akaomba radhi. Alinichongea mwiko wa ugali kutoka kwenye ule mti wenye jani la bendera yao, mwiko mzito, mzuri kuliko wowote niliopata kushika. Jambo moja tu lilimshinda. Majira ya mawindo yakifika na bunduki zikasikika mbali porini, alikuwa anazima msumeno na kukaa garini mpaka kimya kirudi. Wenzake walijua sababu. Methodius naye alijua, maana Gaspard alimweleza ili asidhani ni uvivu.

Sasa nije kwenye suruali.

Mimi natunza wazee huko Etobicoke. Kuna mzee mmoja ninayemwogesha, mtu aliyekulia porini kaskazini, na kila asubuhi nikimpaka sabuni ananipa habari za kulungu aliowapiga na miti aliyoiangusha. Kiingereza changu chote cha porini nimekipata kwenye beseni lake. Nilipomwambia mume wangu anakata miti kwa msumeno, hakuuliza analipwaje wala anafanya kazi na nani. Aliuliza kama anavaa suruali. Akanieleza kwamba ipo suruali ya kazi hiyo, ya rangi ya chungwa, ina nyuzi ndani, na mnyororo ukiigusa nyuzi hizo zinaukaba unasimama kabla haujafika kwenye nyama. Alishika paja lake jembamba akanionyesha kovu la siku aliyoiacha nyumbani.

Nikamwuliza Gaspard. Akasema ndiyo, suruali ipo, ila ni moja, na anaivaa Mzee.

Jumapili nilimsubiri Methodius mlangoni baada ya ibada. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, suruali ile ni ya wanaojifunza, na Gaspard ni fundi, haihitaji. Nikamwuliza yeye anajifunza nini, maana msumeno haushiki, anasimama kando ya gari na kikombe cha kahawa. Akacheka, akaniita shemeji mkali. Gaspard alinivuta mkono tukaondoka. Nilikuwa nimemtia aibu mbele ya mtu aliyempa koti.

Haukupita mwezi. Ilikuwa Novemba, nimemaliza tu kumvalisha yule mzee wangu, simu ikalia. Alikuwa Candide, Mrundi anayefanya kazi na Gaspard. Aliniambia gogo lilikuwa na barafu, msumeno uliruka nyuma ukamkata Gaspard paja, na sasa wako hospitali, damu imezuiwa, yuko hai. Kisha akashusha sauti.

"Mama Ella, Mzee ametuambia tuseme tulikwenda kuwinda."

Nilipanda basi. Aliyeumia kazini, nchi hii inamtunza mpaka asimame tena. Aliyeumia katika matembezi yake ni shauri yake na mkewe. Methodius alilijua hilo. Na katika maneno yote ya uongo yaliyopo duniani, akalichagua hilo moja, kwa mtu huyo mmoja. Angesema tulikwenda kuvua samaki, labda ningemchukia kidogo.

Nilimkuta Gaspard amelala, uso wake wa majivu, paja limefungwa bendeji hadi gotini. Jinzi yake ilikuwa sakafuni, imekatwa kwa mkasi, imelowa damu. Amefunikwa blanketi la hospitali na juu yake lile koti la siku ya kwanza. Na miguuni pa kitanda, amesimama Methodius, amevaa ile suruali. Rangi ya chungwa, safi, mstari wa pasi bado unaonekana.

Daktari, mwanamke kijana, alikuwa anauliza maswali, na aliyekuwa anatafsiri ni yeye Methodius. Kanisani nasema Kiswahili tu, kwa hiyo alidhani mimi ni bubu wa Kiingereza. Nilisimama mlangoni nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia daktari kwamba rafiki yake alikuwa anawinda kulungu, akataka kukata tawi la kujikinga, akajikata. Kisha akamgeukia Gaspard akamwambia kwa Kiswahili kwamba daktari anamwombea apone haraka.

Nikamwambia daktari, kwa Kiingereza changu cha kuogeshea wazee, kwamba mtu huyu ni bosi wa mume wangu, asitafsiri tena. Daktari alimtazama Methodius, akatoka kwenda kuleta simu ya mkalimani.

Methodius akanisogelea. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisema mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani. Wakaguzi wakija watamfungia kazi, na Candide na wenzake watakula wapi? Kanisa litamchangia Gaspard, yeye mwenyewe atatangulia kutoa.

"Mtu akikupa koti," nikamjibu, "hajanunua miguu yako."

Daktari akarudi, akaiweka simu kifuani pa Gaspard. Ikatoka sauti ya mwanamke, Kiswahili cha pwani, taratibu. "Shikamoo baba. Daktari anauliza, umeumiaje?"

Gaspard alimtazama Methodius, halafu akaanza kuipapasa ile shingo ya koti yenye manyoya. Nilitaka kumjibia. Nilijua nikimjibia, kesho watasema ni maneno ya mke wake mwenye mdomo, na yeye atawaachia waseme. Nikafunga mdomo, jambo ambalo silijui vizuri. Nikaanza kuamini kwamba atasema aliwinda, ataisaini hiyo aibu kwa adabu yake, na atairudia mpaka azeeke.

"Mama," aliiambia ile simu, "mwambie daktari mimi sijawinda hata siku moja. Mimi niliwindwa. Mimi na kaka yangu. Leo nilikuwa kazini kwa huyu mzee, nakata kuni, na suruali ya kukatia kuni ameivaa yeye." Kisha, kwa sababu ni Gaspard, akaongeza, "Samahani, Mzee."

Mkalimani akatafsiri. Daktari aligeuka akaitazama ile suruali, akaitazama jinzi sakafuni, akaandika.

"Fadhila za punda," Methodius akasema.

"Ni mateke," nikammalizia. "Na punda ndiye aliyebeba kuni zako zote."

Nililiondoa lile koti juu ya mume wangu, nikavua na langu, nikamwekea Methodius yote mawili mikononi. Alitoka nayo. Gaspard akaniuliza nitarudi nyumbani na nini, nje theluji inaanguka. Nikamwambia alale. Nilisimama kituoni na sweta la kazini, meno yanagongana, na hasira yangu haikunipa joto hata kidogo.

Gaspard sasa anatembea kwa fimbo. Analipwa kila mwezi mpaka apone, na kanisani hatuendi kwa sababu nimekataa kukaa benchi moja na waongo. Kazi ya Methodius haikufungwa, wala Candide hakukosa chakula. Wiki ile ile wakaguzi walipofika, Candide alinitumia picha kutoka porini. Vijana wote wamesimama mbele ya rundo la magogo, na kila mmoja amevaa suruali yake ya rangi ya chungwa. Nilimpigia kumwuliza zimetoka wapi haraka hivyo. Akasema Mzee alizinunua asubuhi moja, duka liko hapa hapa Islington, tunalipita na basi kila siku.