Mzee Aliyekataa Kulazwa na Marehemu

Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, Kisumu mjini, na mwishoni mwa miaka ya tisini kazi iliyonilisha ilikuwa matanga. Nilitengeneza programu za mazishi: picha ya marehemu mbele, historia yake ndani, nyimbo nyuma. Kwetu mtu hazikwi kimyakimya, kwa hiyo sikukosa wateja. Mashine yangu ilikuwa laptopu nzito niliyoletewa na shemeji kutoka ng'ambo, ikiwa imeshatumika, nami niliringa nayo kama gari.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa hai. Alikuwa mzee wa kijijini Pap Onditi, karani mstaafu wa kiwanda cha pamba, na hakuwaamini wanawe kumwandikia historia. "Hao watasema nilikuwa mpole," alilalamika. Basi kila alipokuja mjini alipanda ngazi zangu, akavua kofia, akanisimulia kipande kingine cha maisha yake nami nikipiga chapa. Lakini kuprinti alikataa katakata, hata ukurasa mmoja. Kuweka matanga yako kwenye karatasi ungali hai, alisema, ni kukiita kifo kije nyumbani. Na siku alipoona nalihifadhi faili lake katika folda niliyoiita Marehemu, aliruka kutoka kitini.

"Nyara," alisema, maana aliniita binti yake kwa Kijaluo, "wewe unanilaza na maiti?"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, nikamhamishia kwenye folda ya kadi za harusi. Huko aliridhika.

Mashine ikaja kujaa, ikawa inachechemea. Fundi wa kompyuta, mfanyabiashara kutoka upande wa Nyeri aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya mabasi, akanishauri nibadilishe diski. Angetoa ile ndogo, aweke kubwa, apakie programu mpya ya kuendeshea mashine, kisha anirudishie mafaili yangu. Diski ya zamani angeisafisha amwekee mteja mwingine. Nikaibeba mashine hadi kibandani kwake. Kwanza ilibidi tunakili kazi zangu kwenye disketi, na disketi zilikuwa chache.

"Mama, chagua ile ya maana," alisema.

Nilichagua haraka, bila wasiwasi wowote. Marehemu wote nilinakili, kwa sababu familia hurudi kutaka maneno yale yale kwa ibada ya kumbukumbu. Za kanisa, nikanakili. Za harusi? Wale walishaoana, nani atarudia kadi?

"Hizo ni takataka," nikamwambia.

Fundi alishika bisibisi, akafungua skrubu, akabadilisha diski. Mashine ilipowaka tena ilikuwa na sura mpya inayong'aa, na kazi nilizonakili zimerudishwa ndani, nikapiga makofi. Alikuwa ameshaunganisha diski ya zamani kwenye kompyuta yake ili aifute, ndipo mzee akatokea mlangoni. Mwenye duka la vitambaa alikuwa amemwambia niko wapi.

Aliisifu mashine, akaizunguka, halafu akasema, "Haya, fungua mimi nione."

Nilifungua Marehemu kwa mazoea, kisha nikakumbuka. Nikamgeukia fundi. Maisha ya mtu, yaliyosimuliwa kwa mdomo kwa karibu miaka mitatu, bila karatasi hata moja, na fundi ameshanyoosha kidole juu ya kitufe.

"Usibonyeze!" nilipiga kelele hadi watu wa stendi wakageuka.

Fundi aliondoa mkono kana kwamba kitufe kina moto. "Si ulisema hizo za harusi ni takataka, Mama?"

Mzee alinigeukia polepole. "Mimi ndiyo takataka?"

Fundi alitafuta kwenye diski ya zamani, na sisi wawili tukamwinamia mabegani hata akashindwa kupumua vizuri. Folda ya harusi ilikuwepo. Katikati ya mabwana na mabibi harusi, mzee wangu alikuwepo, mzima. Nilimkumbatia fundi wa watu, na sikuona haya.

Mzee hakucheka. Aliomba faili lile liprintiwe pale pale. Nilimuuliza kama amesahau habari ya kukiita kifo, akanipungia mkono ninyamaze. Printa ya fundi ilikoroma, ikatoa kurasa nne. Alizisoma amesimama, midomo ikichezacheza, pamba yote na ugomvi wote na mabosi, hadi mwisho.

"Ni hii tu?" aliuliza.

"Ni hiyo tu, Mzee."

Alirudi ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja uliosema alioa na kujaliwa watoto saba. Mkewe alikuwa amefariki kabla mimi na mzee hatujajuana. Alivuta kiti cha fundi, akaketi, akaweka kofia gotini.

"Nyara, kaa," alisema. "Andika yeye sasa. Alikuwa anachekanga mimi sana."