Moshi Nilioombea Nyumba Yangu

Zamani, nikiwa kijana wa kubeba magunia sokoni Chwele, fahali mmoja alikata kamba akaingia kwa hoteli. Si hoteli ya maana, ni ile ya mabati na mabenchi. Watu walitorokea dirishani, mwenye hoteli akatoka amekumbatia sufuria ya chai, na fahali akabaki peke yake katikati ya meza anakula maandazi. Anamaliza sahani moja, anasogea kwa nyingine, polepole, kama mgeni wa harusi. Mwenye ng'ombe akauliza, "Kwani hapa hakuna mwanaume?" Na kwa vile wasichana wa kuuza nyanya walikuwa wanaangalia, nikasema mimi niko. Nikaingia nikashika mkia.

Sina haja ya kusema mengi. Alinipiga teke la nyonga nikatoka na bati la ukuta. Wasichana walicheka wakaketi chini, na mmoja wao ndiye nilikuja kuoa, lakini hiyo ni habari yake. Nyonga yenyewe ilinyamaza. Nililima nayo, nikajenga nayo, nikamzika mke wangu nayo, halafu uzeeni ndiyo ikaamka. Daktari wa Kitale akaangalia picha akasema mfupa umeisha, nitapasuliwa, kisha nikae karibu na hospitali miezi kadhaa nijifunze kutembea upya. Binti yangu anaishi Kitale, si mbali na Kipsongo, akasema, "Baba, chumba kiko." Mimi sikufikiria kisu. Nilifikiria nyumba.

Nyumba hiyo matofali yake tulichoma wenyewe, mimi na mke wangu, udongo tukichimba pale pale bomani. Kwa hivyo nilipojiandaa kuondoka nilijiandaa kweli. Sola niliteremsha nikampelekea binti. Kuku nikauza. Kitanda nikakiinua juu ya mawe, godoro nikalifunga kwa karatasi ya nailoni panya wasizalie humo. Madirisha nikapigilia mbao kutoka ndani. Nikamwita fundi akaongeza chuma mlangoni, nikanunua kufuli kubwa ya kutisha mtu. Nyasi nikafyeka mpaka njiani, mwizi akose pa kulala. Hata liguru, yule mzee wa kijiji, nikamjulisha. Akasema nimefanya vizuri, serikali inajua. Serikali inajua! Hiyo kauli nikiikumbuka mpaka leo ninataka kurusha kitu.

Basi ndugu yangu mdogo, tunayepakana naye, akaja akasimama mbele ya ile kufuli.

"Sasa hii ni ya nani?"

"Ya wezi."

"Wezi gani? Hapa tunaishi sisi. Si useme tu ni yangu, bana."

"Wewe si mwizi."

"Na nyumba itakaa bila moto? Watu wapite waone boma limepoa, waseme ndugu yangu amekufa na sikuwaita matanga? Hapana. Mchwa nao, unafikiri wanaogopa kufuli?"

Hapo alinishika, kwa sababu ni kweli. Kwetu nyumba isiyofuka moshi ni nyumba ya marehemu. Mtu akisafiri, wa damu yake huingia mara kwa mara akawasha moto, moshi upande darini, wadudu wafe, na wapita njia wajue mwenyewe yuko hai. Huwezi kumpa jirani kazi hiyo. Ukimpa jirani na ndugu yako yuko, umemtukana ndugu mbele ya ukoo. Nikampa ufunguo. Nikamwambia, "Washa, kaa kidogo, zima, funga." Akasema, "Ndugu, mimi ni mtoto?"

Nikapasuliwa. Kila nikimpigia simu nikiwa Kitale ninauliza moshi.

"Moshi uko?"

"Uko, ndugu. Moshi mwingi sana."

Na mimi mjinga ninamwambia binti yangu, unaona, huyo ndiye ndugu.

Siku niliyorudi, nikiwa na fimbo, nilikuta nepi kwa kamba yangu. Mbao za madirisha zimetolewa, kuna pazia la maua. Nikabisha mlango wangu mwenyewe. Msichana akafungua, mtoto mchanga begani, akaniangalia vizuri kwa heshima.

"Karibu, mzee. Unatafuta nani?"

Unatafuta nani! Kumbe ni mke wa mtoto wa ndugu yangu. Huyo kijana alioa nikiwa hospitalini, msichana tayari ana mimba, na baba yake akaona badala ya kutembea kuja kuwasha moto, si awaweke tu ndani, wapike, moshi utoke wenyewe. Halafu msichana akashikwa na uchungu usiku wa mvua, akajifungua kwa kitanda changu, na kondo la nyuma wakalizika nyuma ya nyumba.

Nikaitisha kikao. Liguru akaja, wazee wa ukoo wakaja, wakawekewa viti vyangu. Nikasema maneno machache: watoke. Ndugu yangu akasema, "Sikuvunja kitu. Niliambiwa niwashe moto, nikawasha."

Liguru akakuna kidevu. "Shida si kijana, mzee. Shida ni huyo mtoto. Ameshazaliwa hapo, na kondo lake liko kwa huo udongo. Kumtoa kabla hajatembea ni kumlaani. Mnataka kulaani mtoto?"

Wazee wakatikisa vichwa. Watu hao hao nimewanunulia chai miaka yote.

"Nikae wapi basi?"

Ndugu yangu akainua mkono kama mtu ameleta zawadi. "Simba ya kijana iko wazi. Ni safi. Tumepaka hata samadi mpya."

Simba ni kibanda anachojengewa mvulana akitoka tohara, alale mbali na mama yake. Mimi, babu wa watu, niingie simba! Mmoja wa wazee akacheka, akasema, "Si utakuwa kijana tena, bana, labda upate bibi," na wote wakacheka, hata liguru, na ndugu yangu alicheka kuwashinda.

Nilisema, "Mtoto akishatembea mtasema anasoma. Akisoma mtasema anaoa. Mimi nitakuwa nimeoza kwa simba na nyinyi mnakunywa chai kwa viti vyangu."

"Punguza hasira, mzee, kidonda kitafunguka," liguru akasema, kisha akamgeukia yule msichana. "Mama, hiyo chai imefika wapi?"

Chai ikaletwa. Wakaanza kupokezana vikombe na kuulizana habari za mahindi, ati kikao kimekwisha. Nikasimama. Ndugu yangu akasema, "Unaenda wapi, chai si hii?" Nilipita kando ya nepi, nikapita shamba lake, nikafika barabarani nikapanda bodaboda, nirudi Kitale kwa binti yangu. Sijarudi huko tena.