Siku Harusi Nzima Iliponisubiri Nikojoe

Niseme ukweli tangu mwanzo, maana nikificha mtaambiwa na mtu mwingine: Majimoto nzima inajua ninavyokojoa. Wauza mchele wenzangu wanajua, vijana wa bodaboda wanajua, kwaya inajua, na padri anajua (huyo ndiye anayeniuma zaidi, kila nikienda kuungama namsikia anavyojikaza asicheke). Mimi Skola, Mama Deo, nilikuwa mtu na heshima zangu pale sokoni, jamani, na heshima yote hiyo iliondoka siku moja, tena siku ya harusi yangu, kwa sababu ya gauni.

Sasa mnielewe. Mimi na Dismas tulikuwa tumekaa miaka mingi, watoto tumezaa, ila kanisani hatujafika, na mwaka ule ndiyo tukaamua tukabariki ndoa. Na mimi nilikuwa na siri. Kwa muda mrefu, kila nikienda kukojoa, nikimaliza tu, hata kanga sijajifunga vizuri, moyo unaanza kudunda utafikiri unatafuta pa kutokea, kichwa kinagonga, jasho linanitoka mwili mzima, mikono ya baridi, macho yanaingia giza, nashika ukuta wa choo nangoja. Baada ya muda hali inaondoka yenyewe, najipangusa, natoka nje nasalimia watu. Mara nyingine kwenye mkojo kuna damu. Damu haikunitisha, maana sisi watu wa mpunga tunashinda majini na huku kwetu damu kwenye mkojo jina lake ni kichocho, nikameza vidonge vya kichocho, haikuisha, nikameza tena.

Kilichokuwa kinanitisha ni kuanguka mbele za watu. Kwa kina Dismas kuna neno moja hawataki kulisikia, kifafa. Kaka yake mkubwa aliwahi kuoa, mke akaanguka kisimani, wazee wakakaa kikao, yule mwanamke akarudishwa kwao na begi lake. Mimi nilikuwepo, nilimwona anavyoondoka. Basi nikaapa moyoni kwamba hakuna mtu wa ukoo ule atakayeniona nikiwa kwenye ile hali, si mama mkwe wala Dismas mwenyewe.

Kituo cha afya nilienda. Daktari wetu pale ni kijana anaitwa Baraka, mteja wangu wa mchele, ni sawa na mdogo wangu wa mwisho. Akanipima presha, siku moja iko juu, siku nyingine iko sawa, akabaki anashangaa. Akaniuliza, "Mama Deo, hiyo hali inakujia ukiwa unafanya nini?" Neno likafika mdomoni, wallahi lilifika, nikamtazama yule mtoto ninayempimia mchele, nikasema, "Nikiwa nabeba magunia." Akanipa dawa za presha na kuniambia niachane na magunia. Baadaye akanituma Mpanda mjini kwa ajili ya ultrasaundi, wakaona kivimbe kwenye kibofu cha mkojo, wakasema huenda ni mambo ya kichocho cha muda mrefu, wakanipangia nikalazwe kikatwe, wiki moja baada ya harusi. Nao wakaniuliza kama kuna dalili nyingine yoyote. Nikasema hakuna, nipo fiti.

Siku hiyohiyo tukapitia Makanyagio, palepale mjini, kukodi gauni, mimi na wifi yangu Frasia, dada yake Dismas, ambaye ndiye angekuwa matroni wangu. Yalinitosha magauni mawili. Frasia akashika lile la kawaida. Mimi jicho lilikuwa kwenye lile la ringi, lenye waya ndani kuzunguka chini, ukilivaa unakuwa na upana wa meza.

"Wifi, utapita wapi na hilo?"

"Kwa nilivyoisubiri ndoa hii," nikamwambia, "mlango ndiyo unipishe mimi."

Mnaona kiburi hicho? Katika Majimoto nzima mtu mmoja tu alikuwa na sababu ya kufikiria choo kabla ya kuchagua gauni, na mtu huyo ni mimi, na sikufikiria.

Mpango wangu ulikuwa rahisi: sinywi kitu tangu jana yake jioni, nafunga ndoa nikiwa mkavu, nakojoa nikirudi nyumbani peke yangu. Asubuhi nimeshapambwa, nimeshavalishwa, mama mkwe akaja ameshika kikombe cha togwa kwa mikono miwili. "Kunywa, mwanangu, nimeipika kwa mkono wangu. Leo unaingia kwetu sawasawa." Mama mkwe huyu hakuwahi kuniita mwanangu hata siku moja. Ningekataaje? Nikanywa. Akaongeza. Nikanywa tena, natabasamu, huku najua nimekwisha.

Kanisani siku hiyo hatukuwa peke yetu, tulikuwa foleni ya maharusi, na kila jozi inaitwa, inaulizwa, inavishana pete, inapigiwa vigelegele, na padri naye alikuwa na mahubiri marefu kuhusu uvumilivu. Uvumilivu! Mimi nilikuwa nimebana miguu ndani ya ile ringi hadi mapaja yanatetemeka. Kumbe kibofu kikijaa tu chenyewe kinaamsha lile jambo, sikuwa najua, moyo ukaanza taratibu, kichwa kikaanza kugonga, nikajikaza kisabuni. Zamu yetu ilipofika nikaitikia ndiyo nimekaza meno, Dismas akadhani nalia kwa furaha, akaniminya mkono. Nikamwomba Mungu nisianguke altareni, mengine nitajua mbele ya safari.

Tulipotoka nje kupiga picha nikamnong'oneza Frasia, "Wifi, choo. Sasa hivi."

Choo cha kanisa ni cha shimo, mlango mwembamba. Nikaenda kichwakichwa, nikakwama. Nikageuka ubavu, nikakwama. Ule mlango uliokuwa unipishe mimi ndiyo huo, na haukunipisha. Frasia akasema, "Geuka, ingia kinyumenyume," akazishika zile waya zote akazinyanyua juu, gauni likanifunika kichwa, mimi nikarudi nyuma nikachuchumaa, yeye amesimama mlangoni amelibeba gauni, mlango hauwezi kufungwa, mgongo wake ndiyo mlango. Nikataka kumwambia aangalie pembeni. Sikuwahi. Mkojo ulipotoka, na lenyewe likaja, na halikuwa lile la siku zote, lilikuwa la kuua. Moyo ulipiga nikausikia masikioni, kichwa kikawa kama kinapasuliwa, jasho likamwagika na vipodozi vyote, nikamsikia Frasia kwa mbali, "Wifi? Wifi, mbona umekuwa mweupe? Skola, unaniona?" Sikuwa namwona. Nikaegemea ukuta, nikateleza, nikakaa chini palepale (msiniulize chini palikuwaje), na Frasia akapiga yowe, "Anakufaaa!"

Wakaja wote. Kwaya ikaja, mpiga picha akaja na kamera yake, padri akaja na mavazi yake ya misa, mama mkwe akaja. Walichokiona ni ringi ya gauni imesimama wima mlangoni mwa choo, na miguu yangu chini yake.

Nilipopata fahamu vizuri walikuwa wamenikalisha kwenye benchi nje. Hali ilikuwa imeondoka kama kawaida yake. Nikasema ni njaa. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu, ile sura ya asubuhi haipo tena.

"Dismas," akasema, "huyu anaanguka. Mlijua, mkatuficha mpaka pete imeingia kidoleni."

"Mama, mimi sijui chochote," Dismas akasema, na ilikuwa kweli, na alivyonitazama nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba yake mkubwa akamaliza maneno: twendeni ukumbini tusiaibike mbele ya wageni, jioni wazee watakaa.

Watakaa. Neno lilelile la mke wa kaka mtu. Ukumbini nilikaa meza ya mbele kama mtu anayesubiri hukumu, chakula hakipandi, Dismas hanigusi mkono, na gauni limelowa nyuma. Wazee wanazungumza kwa kunong'ona, watu wanachungulia. Muda wa zawadi ukafika, Frasia akaitwa, akachukua kipaza sauti. Mnajua mawifi na utani wao, siku ya harusi wifi anaruhusiwa kusema lolote na haulizwi. Lakini yeye alikuwa na hasira, niliijua sauti yake.

"Nimesikia watu wananong'ona kifafa," akasema. "Nani alikuwepo? Nilikuwepo mimi! Tena nimelishika gauni! Sasa niwaonyeshe bibi harusi wetu anavyokojoa."

Nikafunika uso. Frasia akachuchumaa katikati ya ukumbi, akavuta pumzi, akapiga kifua du-du-du, akashika kichwa, akatoa macho, akapangusa jasho, akatetemesha mikono, akaegemea ukuta usiokuwepo, halafu polepole akafufuka, akatengeneza nywele, akasema kwa sauti yangu kabisa, "Ni njaa tu, wifi." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Watu walilia. Deo wangu, mtoto wangu wa kumzaa, alicheka mpaka akakaa chini. "Kifafa mtu anajua kinaisha saa ngapi?" Frasia akasema. "Huyu haja ikiisha na yeye anafufuka!"

Mtu mmoja hakucheka. Daktari Baraka aliinuka kwenye meza ya waalikwa, akapita katikati ya watu, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama Deo. Magunia yale... ni kweli?"

Mama mkwe alikuwa ameinama kusikiliza. Dismas naye. Na yule kijana wa muziki akapunguza sauti, maana alitaka kusikia pia. Nikawaza nikisema ndiyo, kikao cha jioni kitasema kifafa na nitarudi kwetu. Nikisema hapana, nimejianika mbele ya ukumbi. Nikamwangalia Frasia, bado anahema na kipaza sauti chake.

"Si magunia," nikasema. "Ni nikikojoa. Kila nikikojoa, na kibofu kikijaa sana pia. Sijawahi kumwambia mtu."

Uso wa yule kijana ulibadilika. "Na wiki ijayo unaenda kukatwa kile kivimbe? Uliwaambia hili?"

"Hapana."

"Twende kituoni. Sasa hivi."

Basi harusi yote ikahamia kituo cha afya, bibi harusi nyuma ya bodaboda na ringi yake inapepea. Baraka akanipima presha, ilikuwa ya kawaida tu. Akasema sasa inabidi nikojoe, anipime palepale. Na mkojo haupo! Umeisha kanisani. Ndiyo wakaanza kuleta soda za harusi, nanywa, nje watu wamejaa uani wanasubiri, kwaya imeanzisha wimbo, na kila baada ya muda mtu anauliza dirishani, "Bado?" Nilipobanwa, mlango wa choo cha kituo nao ukanikataa. Nikaanza kulia pale mlangoni. Mama mkwe akaja, akanifungua vifungo vya mgongoni, gauni likaanguka chini, akavua kitenge chake cha harusi akanifunga.

Nikakojoa. Likaja. Baraka akanibana mkononi ile mashine ya presha, akasoma, akarudia kusoma kama haamini, akakaa na mimi ameshika mkono wangu mpaka likaondoka. Akapima tena, imeshuka.

"Ni kifafa?" mama mkwe akauliza.

"Si kifafa, bibi. Ila wakimpasua hivi hivi bila kujua, anaweza kufia mezani."

Mama mkwe akakaa kwenye benchi. Halafu akainuka, akatoka nje kuwaambia wazee kwamba hakuna kikao.

Nikapewa rufaa hospitali kubwa, mbali sana, na Frasia akaenda kuniuguza. Kule nikapewa dumu nikusanye mkojo wa siku nzima, wakapima, wakanipiga picha kwenye mashine kubwa. Daktari mpasuaji, mama mtu mzima, akanieleza kwamba juu ya figo kuna vitezi viwili vidogo vinavyotoa ile dawa ya mwili ya kushtuka, ile inayokudundisha moyo ukikutana na nyoka njiani, na kivimbe changu kilikuwa cha jamii hiyohiyo, ila chenyewe kimeota kwenye ukuta wa kibofu, jambo adimu, na kila kibofu kikibanwa au kikijikamua, kinamwaga ile dawa yote kwenye damu. Na ile damu ya kwenye mkojo haikuwa kichocho. Wakaniweka kwanza kwenye dawa za kukifunga mdomo, kwa muda, na maji mengi, ndipo wakakata. Kabla ya nusu kaputi aliniinamia akaniuliza, "Kuna lolote hujatuambia?" Nikamwambia yote, hata yasiyomhusu, mpaka padri alivyonikuta chooni. Niliogopa, jamani. Nilimfikiria Deo na wadogo zake mpaka taa zikapotea.

Nikaamka. Siku walipotoa mpira wa mkojo niliogopa kuliko siku ya upasuaji. Nikaingia chooni nimeshika ukuta kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikakojoa, nikangoja. Moyo ukaendelea na mwendo wake. Kichwa kimya. Nikangoja tena. Hakuna kitu. Nje ya mlango Frasia alikuwa amechoka kusubiri.

"Wifi! Umekufa?"

Nikashindwa kujibu kwa machozi. Akagonga kwa nguvu, nikasikia sauti yake imeanza kutetemeka.

"Sijafa, wifi," nikamwambia. "Nimekojoa tu."

Nikamsikia na yeye analia upande wa pili. Sasa hivi kwenye kila harusi Majimoto anaombwa aigize, anaigiza, na mimi nakaa mbele kabisa na kumrekebisha akikosea. Lakini mkinikuta tena namdanganya daktari kwa ajili ya aibu, nipigeni. Na gauni la ringi sivai tena, hata mnizike nalo sitakubali.