Mbayuwayu Waliotua Shambani

Oktoba inapoanza huwa nashuka bondeni, nyuma ya nyumba yetu hapa Engutoto, kutazama ndege wanaohamia huku kutoka Ulaya. Mwaka juzi, baada ya mvua ya baridi ya usiku kucha, nilikuta ukungu umejaa bonde lote na nyaya za umeme hazina ndege hata mmoja.

Niliingia shambani kwa jirani, nikasimama ghafla. Mbayuwayu walikuwa chini, mamia kwa mamia, wamefunika matuta, kimya. Nilimgusa mmoja mgongoni kwa kidole. Hakuruka, alinitazama tu.

Jirani, mama mtu mzima, alikuwa amesimama njiani na jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toka humo taratibu, mwanangu, usije ukawakanyaga."

"Wamechoka na safari," nilisema.

"Labda. Lakini mbona wote wanatazama upande mmoja?"

Sikuwa nimeliona hilo. Wote walikuwa wameuelekea Mlima Meru, uliofichwa na ukungu.

Jua lilipopenya waliinuka kwa pamoja bila kulia, mbawa zikinipapasa mashavu.

"Leo silimi," mama alisema, akarudi kwake. Sikumbishia.